Mwaka Makuli Walipokosea Wakashinda

Kila Jumapili ya msimu, robo ya mwisho ya mechi ilipoanza tu, Milan Pastorek aliinuka kitini, akavaa koti, akachukua funguo kwenye bakuli la mlangoni na kutoka kwenda kuwasha gari. Matokeo hayakuwa na uzito katika jambo hilo. Wala haikujalisha kwamba, tangu magoti yalipozikataa ngazi za uwanjani, alikuwa akitazama mechi sebuleni kwake Mtaa wa Tolland, na gari lenyewe halikuwa na pa kwenda. Aliliwasha, akaketi ndani kioo kikiwa kimeshushwa nusu, akaiacha injini ingurume mpaka ipate joto, kisha akarudi ndani kutangaza kwamba wameshafungwa. Mara nyingi alikuwa sahihi. Makuli wa Port Clement ilikuwa timu ya futiboli ya Kimarekani ambayo haikupenda kumshangaza mtu.

Tabia hiyo aliipata enzi za tiketi. Kwa miaka mingi alikuwa na viti viwili juu kabisa upande wa kaskazini, upepo wa ziwani ukimpiga kifuani, na kati ya uwanja na nyumbani kulikuwa na daraja moja, lile la kunyanyuka. Anayesubiri mechi iishe hukwama pale na wajinga wengine wote, wakiitazama meli ya madini ikipita taratibu kama bibi harusi. Milan hakuwa mjinga. Binti yake, Corinne, alikua akiamini kwamba futiboli ina robo tatu, si nne. Alikuwa mtoto wa shule siku ile Makuli walipotoka nyuma dakika za mwisho wakashinda kwa namna ambayo mji bado unaisimulia. Yeye na baba yake walikuwa darajani. Waliusikia uwanja ukilipuka, kelele zikija juu ya maji. Milan alishusha kioo, akasikiliza, akakipandisha.

"Baba, kuna nini?"

"Wanashangilia kurudi nyumbani," alisema, akakanyaga mafuta.

Alikuwa pia na namna yake ya kusoma msimamo wa ligi. Gazeti lilichapisha msimamo kila Jumanne. Milan aliukata kwa mkasi wa jikoni na kuubandika kwenye friji kichwa chini. Kwa njia hiyo Makuli, ambao walikuwa wameufanya mkia wa kundi lao kuwa anwani ya kudumu, walikaa juu kabisa, na hakuna aliyekuwa amemdanganya mwenziwe. Corinne alijua kusoma majina ya timu yaliyopinduka kabla ya kujua jedwali la kuzidisha. Mama yake, marehemu Jolana, alizoea kusema kwamba mgeni akiingia atadhani nyumba hii ina wazimu.

"Mgeni gani?" Milan aliuliza. Lilikuwa swali la haki.

Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza bandarini, juu ya kreni, akishusha madini ya chuma kutoka melini. Timu ilipewa jina kwa heshima ya watu kama yeye, heshima ambayo aliipokea kama tusi. "Kuli akidondosha mzigo namna ile anafukuzwa," alisema kila mchezaji alipoangusha mpira. "Hawa wanaongezewa mkataba."

Basi mwaka huo, kiangazi kikielekea ukingoni, iligundulika kwamba vali moja ya moyo wake imekaza kama bomba lililoota kutu. Daktari Venkataraman, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, aliwaeleza wote wawili, baba na binti, kwamba itabidi kifua kifunguliwe na vali mpya iwekwe, na kwamba kwa hali ilivyo hawezi kumwahidi mzee Krismasi. Milan alisikiliza kwa adabu. Kisha alitoa mfukoni kalenda ndogo ya mechi, ile inayogawiwa bure na duka la misumari, akalamba kidole na kufungua.

"Nipangie Oktoba, daktari. Katikati ya wiki."

"Kwa nini isiwe wiki ijayo?"

"Wiki ijayo ligi inaanza. Mtu unakuwa bado na matumaini ya kipuuzi. Ikifika Oktoba sisi tutakuwa tumeshakufa, sitakuwa na cha kukosa."

Daktari alimtazama Corinne. Corinne anafundisha historia chuoni, na watu wa namna hiyo hutarajiwa kusema neno la maana. Alilifikiria jambo lenyewe, akaliona halina kasoro. Ndilo kosa ambalo mtu wa Port Clement peke yake angeweza kulifanya: kupanga kupasuliwa moyo kwa kutegemea timu yake ishindwe. Hesabu hiyo ilikuwa imewatosha kila mwaka. Waliitumia kupangia harusi, mazishi ya majivu, na ukarabati wa paa.

"Oktoba ndiyo mwisho," alisema Daktari Venkataraman. "Baada ya hapo sitaki kusikia habari za kalenda."

Kwenye televisheni, wale wanaume wenye suti za kubana na meno mengi waliwaweka Makuli mwisho wa ligi nzima, kwa mjadala mfupi kuliko tangazo la bia. Mechi ya kwanza Makuli wakashinda. Mpira wa mwisho uliopigwa uligonga nguzo, ukagonga mtambaapanya, ukatulia hewani kana kwamba unatafakari, kisha ukaangukia ndani. Milan alikuwa nje garini. Aliporudi alimkuta rafiki yake Cleophus Tate, fundi mstaafu wa mabasi na jirani wa miaka yote, amepiga magoti kwenye zulia.

"Wameshafungwa," alisema Milan.

"Wameshinda, mzee."

"Akina nani?"

"Sisi."

"Acha utani, Cleo. Nina moyo mbovu."

Wiki ya pili wakawapiga mabingwa watetezi. Wataalamu wakasema ni ajali. Wiki ya tatu wakasafiri hadi jangwani, kwenye ule uwanja wenye paa uliopozwa kama friji, wakashinda tena; wataalamu wakasema walikuwa wakijua tangu mwanzo. Jumanne ilipofika gazeti likaandika kitu ambacho hakijawahi kuonekana katika nyumba ile: Makuli kileleni mwa kundi, peke yao, bila kufungwa. Milan alisimama mbele ya friji na kipande chake mkononi. Akikipindua, Makuli wanarudi mkiani. Akikiweka sawasawa, hana mazoezi. Mwishowe alikiweka sawasawa, na wiki nzima akawa anakipita akiinamisha kichwa upande, kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa.

Mji nao ukapata kichaa cha heshima. Padri wa Mtakatifu Cyril alifupisha mahubiri, na waumini wakamwona Mungu yu karibu. Wanaume walioapa hadharani mwaka uliopita kwamba hawatatazama tena, walikana kuapa.

Kila mtu Port Clement anajua kwamba timu ikishinda hakibadilishwi kitu. Siku ya mechi ya kwanza Cleophus alikuwa ameketi kwenye kidato cha chini cha ngazi, kwa sababu kochi lilijaa nguo zilizosubiri kukunjwa. Basi kila Jumapili nguo safi, zilizokwisha kukunjwa na kupangwa kabatini, zilishushwa tena zikamwagwa kochini, na Cleophus, mwenye mgongo wa kuhurumiwa, akakaa ngazini. Milan alikuwa amevaa sweta la kahawia alilofumiwa na Jolana, lenye doa la haradali kifuani. Nalo likawa marufuku kufuliwa. Naye Corinne, aliyerudi kuishi chumba cha juu baada ya mama yake kufariki na ndoa yake kuvunjika, siku hiyo alikuwa jikoni akimenya viazi vya kujazia pirohi, yale maandazi ya kuchemsha, akiipa televisheni mgongo. Hapo ndipo alipopangiwa.

"Naomba angalau nigeuke," alisema siku ya mechi ya tatu.

"Ukigeuka umetumaliza," alisema baba yake.

"Baba, wako jangwani. Hawajui kama mimi nipo duniani."

"Wanajua," alisema Cleophus kutoka ngazini. "Menya viazi, mwanangu."

Wakashinda na ya nne. Upasuaji ulikuwa Jumatano iliyofuata. Jumatatu asubuhi Corinne alishuka akamkuta baba yake na simu, ameishika mbali na sikio kama kawaida yake, hivyo nyumba nzima ilishiriki mazungumzo.

"Hapana, bibi, siumwi homa," alikuwa akisema. "Ni kwa sababu ya Makuli."

Karani wa hospitali hakucheka. "Nakuelewa, Bwana Pastorek," sauti ilisema. "Wewe ni wa tatu asubuhi hii."

Alipokata simu Corinne alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimesogeza mbele kidogo."

"Daktari alisema Oktoba ndiyo mwisho."

"Wataalamu wote walisema tutakuwa mkiani. Huu si mwaka mzuri kwa wataalamu."

"Hii ni vali! Si mpira!"

"Sikiliza, mama. Moyo huu huu, na vali yake hii mbovu, umeshinda mechi nne. Unataka niubadilishe katikati ya msimu?"

"Na ukifa katikati ya msimu?"

Milan alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu swali kwa uaminifu. "Nitakuwa nimekufa tukiwa kileleni. Mama yako alikufa tukiwa mkiani. Hata padri alisikitika."

Corinne alicheka, hakuweza kujizuia. Kisha akaenda bafuni, akafungulia bomba ili asisikike.

Wiki hiyo baba yake alianza kusimama katikati ya ngazi, mkono ukutani, akijifanya anakagua karatasi ya ukutani, karatasi ambayo aliibandika mwenyewe na kwa nusu ya maisha yake hakuwahi kuijali. Alilala ameketi kitini. Midomo yake ikapata rangi ya maji ya ziwa mwezi Novemba. Corinne alimpigia Daktari Venkataraman.

"Mlete leo," alisema daktari. "Lakini siwezi kumpasua mtu asiyekubali. Nani anaweza kumshawishi?"

"Kuna timu inakuja Jumapili kutoka Florida," alisema Corinne. "Natumaini wao wataweza."

Tabu ni kwamba timu hiyo ya Florida ilikuwa mbovu. Haikuwa imeshinda hata mchezo mmoja, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za watu, magazeti yote yaliwapa Makuli ushindi kabla ya kucheza. Corinne, mtoto wa nyumba ile, alijikuta akiwatakia mema wageni kwa moyo wake wote, jambo ambalo katika Mtaa wa Tolland halina jina la staha.

Darasani kwake kuna kipindi anachofundisha kila mwaka, juu ya majeshi ya kale yaliyochungulia matumbo ya kuku kabla ya kwenda vitani. Wanafunzi hucheka, naye huwaacha wacheke, kwa sababu wamelipa karo. Mwaka huo alikifundisha Ijumaa. Jumamosi, baba yake aliposinzia, alilichukua lile sweta kitini akalifua.

Hakuamini. Hilo alijiambia mara kadhaa, mikono ikiwa ndani ya karai. Mwanamke msomi anafua sweta la mzee, basi, lilikuwa linanuka. Alilifua kwa maji ya vuguvugu na ile sabuni yenye harufu ya maua, akalisugua doa la haradali mpaka likasalimu amri, akalianika juu ya kipasha joto cha chumbani kwake na kukaa nalo kama mtu anayemuuguza mgonjwa. Lilipokauka alilirudisha kitini, akalikunja vilevile vibaya.

Jumapili Milan alilichukua, akaanza kulivaa, akasita. Alilileta usoni. Alikaa hivyo muda, uso wote umezama ndani ya sufu, na Corinne, amesimama mlangoni mwa jikoni na kisu cha viazi, akasubiri kelele. Milan alimtazama. Kisha alilivaa, akalishusha vizuri kiunoni, akaketi.

"Nani ananukia maua?" aliuliza Cleophus kutoka ngazini.

Milan aliongeza sauti ya televisheni.

Mrusha mpira wa Makuli, ambaye wiki hiyo watu walikuwa wakimpendekeza kwa umeya, alirusha mpira wake wa kwanza moja kwa moja mikononi mwa adui. Wa pili nao akampa adui mwingine, pengine ili wasigombane. Wa tatu ulimgonga mwenzake mgongoni. Mlinzi mmoja wa Makuli aliuokota mpira, akakimbia nao kwa ushujaa mkubwa kuelekea upande usio wake. Sebuleni hapakuwa na sauti ila ya Cleophus, aliyekuwa akisema taratibu, "Hapana, hapana, hapana," kama anayembembeleza mtoto aweke chini chupa ya kioo. Corinne alimenya viazi, mgongo kwenye televisheni. Viazi havimtoi mtu machozi, na hilo lilikuwa tatizo, maana angeulizwa.

Robo ya mwisho ilipoanza kiti kililia. Aliusikia mkono wa baba yake ndani ya bakuli la funguo, kisha mlango. Akaweka kisu chini, akageuka, akapita katikati ya sebule mbele ya televisheni, na hakuna aliyemwambia kitu. Hapakuwa na cha kuharibu tena.

Aliingia upande wa abiria. Injini ilikuwa ikinguruma. Redioni mtangazaji alisimulia mechi kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu.

"Umelifua," alisema Milan.

"Nimelifua, baba."

"Kwa sabuni ya maua."

"Ndiyo iliyokuwepo."

Walisikiliza Makuli wakiupoteza mpira mara nyingine.

"Mama yako naye alikuwa analifua la zamani, lile la kijani," alisema. "Miaka ile ya mwanzo. Tukishinda mbili mfululizo tu, analifua. Sikujua mpaka siku niliyomfumania na karai."

"Kwa nini alifanya hivyo?"

"Alisema nikishinda sana sivumiliki."

Corinne alitazama mbele, kwenye mlango wa gereji uliofungwa. Baba yake alikuwa akihema kwa vipande, kama mtu anayepanda ngazi, na alikuwa ameketi.

"Umeiua timu," alisema. "Umeua mji mzima. Wakijua wataichoma hii nyumba."

"Utawaambia?"

Milan alizima redio. Injini aliiacha.

"Kesho mpigie yule daktari," alisema. "Mwambie nimepata nafasi."

Yaliyofuata kwa upande wa Makuli yanafahamika. Walipoteza mechi hiyo, wakaipenda ladha yake, wakapoteza karibu zote zilizobaki, na ilipofika Krismasi walikuwa wamerudi kwenye anwani yao. Wataalamu walisema walikuwa wakijua tangu mwanzo. Kila Jumanne Corinne alikata msimamo kwa mkasi wa jikoni na kuubandika kwenye friji kichwa chini, katika nyumba ambamo hakuwa tena na mtu wa kumpikia pirohi. Daktari Venkataraman alikuwa amemweleza kwamba vali mpya ilikaa vizuri sana, ilifanya kazi kwa namna ya kupendeza. Ni moyo wenyewe, ulipoombwa kuanza tena, uliosema umechoka. Corinne aliuliza kama zile siku za kungoja ndizo zilizoharibu. Daktari alisema huenda ndiyo, huenda wangempoteza hata Septemba, hakuna anayeweza kujua. Alikuwa mtaalamu wa kwanza mwaka huo kusema hivyo, na Corinne alimshukuru. Siku ya mazishi watu walijaa nyumbani, na viti vya kuazima vilikuwa vingi. Cleophus aliketi kwenye kidato cha chini cha ngazi na sahani yake magotini, na kila aliyetaka kupanda juu alimwomba radhi.

Lakini asubuhi ile ya upasuaji Makuli walikuwa bado kileleni, kwa tofauti ya mchezo mmoja. Muuguzi aliyekuja kumchukua alikuwa amebandika beji ya timu kifuani.

"Jumapili tunarudi kwenye ushindi, mzee," alisema akifungua breki za kitanda. "Bado tunaongoza kundi."

"Itazameni vizuri nafasi hiyo," Milan alimwambia. "Hamtaiona tena."

Sweta alikuwa amenyang'anywa. Corinne alilibeba mkononi. Walikikokota kitanda mpaka mwisho wa korido, kwenye milango miwili ambayo ndugu hawapiti. Milan alikuwa amelazwa chali, na Corinne amesimama upande wa kichwani, kwa hiyo kwake uso wa binti yake ulikuwa umepinduka, macho chini, kidevu juu. Aliusoma bila taabu. Alikuwa na mazoezi.

"Nitakaa hapa hapa, baba," alisema Corinne. "Nitangoja mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho?" alisema Milan. "Wewe ni mtoto wa nani? Nenda kawashe gari."